Jozi ya Kumi na Saba

Mguu wa kushoto wa Fundi Anyosisye ulikuwa unachelewa, na aliyeuchelewesha ni kaka yangu Lugano, ambaye wakati huo alikuwa ametimiza miaka mitatu kaburini.

Sikulijua hilo siku Fundi alipokuja. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, Uyole ina baridi ya kupasua midomo. Gari la hospitali lisilo na dereva lilimshusha mlangoni kwetu, likageuza lenyewe na kurudi mjini. Aliingia karakana kwa miguu yake, bila fimbo, amevaa koti la kaki alilojishonea. Mguu wa kulia ulitua, kisha wa kushoto ukatua baada ya kufikiri kidogo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye mdogo wake Lugano?" Akaniangalia vizuri. "Ndiye. Paji la uso ni lile lile, kama kiwanja cha mpira."

"Kwetu ndio urithi pekee."

"Basi ninyi ni matajiri wa ardhi."

Aliketi kwenye benchi, akavua koti, akapandisha shati. Kivuko kilikuwa chini ya mbavu, kikasha cheusi cha ukubwa wa kisahani cha sabuni, kimeshikizwa kwa mkanda. Waya mmoja uliingia kwenye ngozi juu ya kovu, mwingine chini ya kovu. Miaka minne nyuma lori la parachichi lilimgonga kwenye mteremko wa Kiwira, na uti wa mgongo ukakatika hapo katikati. Tangu afungwe Kivuko, amri za ubongo zinazokwenda miguuni huingia kwa waya wa juu, hupita kwenye bodi ya saketi iliyomo ndani ya kikasha, hutokea kwa waya wa chini. Habari za nyayo hurudi kwa njia hiyo hiyo. Bila bodi ile Fundi ni nusu mtu, nusu gunia. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Nilifungua kifuniko. Chumvi ya jasho ilikuwa imekula meno ya konekta, kiungio cha bodi na waya.

"Siku hizi mguu unanikatikia katikati ya kazi," alisema. "Na asubuhi za baridi ndiyo kabisa. Mguu wangu huamka saa tatu, kama mtoto wa tajiri. Nakaa kitandani nausubiri."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Si uzee?"

Kwenye fomu yake niliandika: uzee.

Bodi yake ilikuwa ya Kivuko cha Nne, kazi ya mwisho ya Lugano. Vilifungwa kwa watu thelathini na sita, kisha karakana ikahamia Kivuko cha Tano, ambacho njia zake nilizichora mimi. Kwa hiyo nilimfunga cha Tano. Kazi yenyewe ni dakika kumi. Muda huo wote alikaa ameshika mapaja yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakata watoto wa jirani.

Alisimama, akapiga hatua moja, akaniangukia kifuani.

"Umenitangulia!" alisema. "Bupe, mguu umenitangulia, kama mbwa aliyeona sungura."

Tulidhani siku mbili zingetosha. Tulimpa chumba cha wageni nyuma ya karakana. Siku ya nne alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta, na siku hiyo aliomba cherehani. Nikaazima kwa mama mshonaji wa jirani, lile la zamani la kukanyaga kwa miguu. Mwenye kulijua cherehani la miguu anajua kwamba mguu mmoja ukiwahi, gurudumu hugeuka nyuma na uzi hukatika. Lilimgeukia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili hakutunga uzi tena. Akaweka kitambaa magotini na kukikunja, akakikunjua, akakikunja.

Nikasafisha konekta ya bodi yake ya zamani kadiri nilivyoweza, nikamrudishia.

Akakanyaga. Gurudumu likaenda mbele. Mlio wake haukuwa sawa, ulikuwa na pengo dogo baada ya kila pigo la pili, lakini mshono ulitoka umenyooka kama uliopigiwa rula.

"Unaona?" alisema. "Hii inanijua."

*

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, niliweka bodi mbili za akiba mezani, ya Nne na ya Tano, nikaziunganisha na skopu, mashine ya kuchora ishara za umeme kwenye kioo.

Niseme kidogo kazi yetu ilivyo. Ndani ya Kivuko, habari za nyuzi elfu nne za neva hukusanywa na kupitishwa kwenye jozi thelathini na mbili za njia za shaba. Kila jozi ni njia mbili nyembamba kuliko unywele, zinakwenda bega kwa bega. Njia moja hubeba ishara kama ilivyo, nyingine hubeba kinyume chake. Kule mwisho mpokeaji hasikilizi hata njia moja, anasikiliza tofauti iliyo kati yazo. Kelele ya nje, ya redio au ya waya wa umeme, ikizipiga zote mbili sawasawa, mpokeaji haisikii kabisa. Lugano aliponieleza hivyo mara ya kwanza nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikaona ni ujanja tu. Alipokufa, mama na mimi tulipigwa sawasawa, na kwa muda mrefu hakuna aliyesikia sauti nyumbani kwetu, ndipo nilipoielewa.

Karakana nzima huita jozi maharusi, kwa sababu ya mwendo. Waende pamoja, hatua sawa. Wakikutana na tundu la skrubu, wote wapite upande mmoja, wasiliache kati yao. Chini yao sakafu ya shaba isiwe na ufa. Na kwenye kona, aliye upande wa nje ana safari ndefu, kwa hiyo aliye ndani hupindishwapindishwa kidogo pale pale, ili waondoke konani pamoja. Mmoja akifika kabla ya mwenzake, tofauti yao huvurugika, na mpokeaji huanza kubahatisha.

Kwenye skopu ishara njema huonekana kama jicho lililofunguka. Nilipima jozi moja baada ya nyingine. Macho ya bodi ya Tano yote yalikuwa wazi. Ya Nne yalikuwa wazi mpaka la kumi na sita. La kumi na saba lilikuwa limesinzia. Nikaweka pakiti ya barafu juu ya bodi, nikasubiri. Likafumba.

Jozi ya kumi na saba ndiyo inayobeba habari za unyayo wa kushoto.

Kompyuta hukagua urefu wa njia, na ya Nne ilikuwa imepita ukaguzi. Lakini konekta nayo ina urefu wake wa ndani, jino moja refu kuliko jingine kwa milimita moja na nukta tatu, na namba hiyo huingizwa kwa mkono. Lugano aliiingiza kwenye jino lisilo lake. Kisha, kwa uaminifu wote, akairefusha njia nyingine ili kusawazisha. Badala ya kufuta tofauti, akaifanya mara mbili. Milimita mbili na nukta sita. Ishara huipita kwa muda ambao ukiikata sekunde vipande trilioni, ni vipande kumi na saba. Inatosha. Habari hupotea, mashine huomba zirudiwe, zinarudiwa, na unyayo unapata ujumbe baada ya kufikiri kidogo.

Kosa la namna hiyo lina dawa hapa kwetu, ya zamani kuliko mimi. Bodi ikikamilika huchapwa kwenye karatasi kubwa, mara ishirini ya ukubwa wake. Watu wawili husimama mezani, kila mmoja kidole chake kwenye njia yake. Wanatembeza maharusi. Kila kona wanaita urefu kwa sauti, na mwisho wanasoma jedwali la konekta kutoka kwa aliyeitengeneza. Watu wawili, si mmoja. Kisha wote wawili wanatia sahihi mbele ya kila jozi.

Karatasi ya Kivuko cha Nne ilikuwa kwenye droo ya chini. Nilijua nitakuta nini. Mbele ya jozi ya kumi na saba palikuwa na sahihi mbili, ya Lugano na yangu.

Siku ya kuitembeza karatasi hiyo, Lugano akiwa bado hai, ilikuwa Ijumaa. Asubuhi mimi naye tulitembeza jozi kumi na sita. Saa sita nikamwacha, nikaenda hospitali kuchukua majibu ya picha ya kichwa chake kabla dirisha halijafungwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi, alikuwa ameangusha kikombe mara mbili wiki hiyo. Niliporudi alikuwa amemaliza zote. Alizitembeza mwenyewe, mkono wa kulia njia moja, mkono wa kushoto nyingine. "Mbona maharusi wametembea vizuri tu," aliniambia, akanisogezea kalamu. Mimi nilikuwa na bahasha mkononi. Nilikuwa nimeifungua njiani. Nikatia sahihi kumi na sita mfululizo ili nisimtazame usoni.

*

Injinia Nsajigwa, mkuu wa karakana, alisoma vipimo vyangu akiwa amesimama. Kisha akasema, "Funga mlango."

Nikafunga.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Lugano nilimfundisha mimi kushika chuma cha kulehemu," alisema. "Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Kwa hiyo usinione nina moyo wa jiwe. Ukiandika hili, wakaguzi hawatauliza mtu anajisikiaje. Watasema vyote thelathini na sita vifunguliwe, vifungwe vya Tano. Umemwona huyu mmoja alivyoanguka?"

"Nimemwona."

"Sasa zidisha mara thelathini na sita."

"Na tukinyamaza?"

"Vitachakaa kimoja kimoja. Kila anayekuja tunampa cha Tano, tunamwambia ni toleo jipya, ajifunze upya. Daktari anasema miezi minane."

"Amesema miezi minane kwa kijana. Kwa Fundi amesema huenda asijifunze kabisa. Neva zake zimekwisha kukua na lile kosa."

Alivirudia vipimo kutoka juu.

"Injinia, na yule mama wa Makete?"

Mwaka uliopita, mwezi wa saba, mama mmoja mwenye Kivuko cha Nne alianguka uani alfajiri akavunjika nyonga. Sisi tuliandika: utelezi. Asubuhi ile Makete majani yalikuwa na barafu.

Injinia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge ingawa haikuwa na vumbi. "Unataka Lugano aitwe nani, Bupe? Aliyemvunja nyonga mama wa watu?"

Hapo alinipata. Nilikuwa nimekaa siku tatu nikijiambia kwamba nawaonea huruma wagonjwa. Ukweli ni kwamba nilitaka jina la kaka yangu libaki safi, na langu nyuma yake.

"Kuna njia ya tatu," alisema. "Chukua bodi ya Tano, jozi zake zote safi. Uandike programu inayochelewesha unyayo wa kushoto kama ile ya zamani. Baridi haitaigusa. Hakuna atakayeanguka, hakuna atakayeuliza."

Nilikubali haraka, kwa sababu iliniruhusu kufunga mdomo.

*

Nilirekodi mwendo wa bodi ya zamani kwa wiki moja, nikaandika uigaji wake kwa wiki nyingine. Tulimwambia Fundi tunarekebisha. Yeye alikuwa amejipatia kazi pale karakana. Alitushonea mifuko ya vifaa, akambadilishia mlinzi zipu, akaanza na suruali ya dereva wa mizigo aliyekuja kuleta shaba.

Wiki hizo mbili zilipokwisha nikamfunga bodi yenye uigaji huo. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi, bila kushika ukuta. Nikaanza kucheka peke yangu. Akaketi kwenye cherehani, akakanyaga. Gurudumu halikurudi nyuma. Alishona pima moja, akakata uzi, akainua kitambaa kwenye mwanga. Mshono ulikuwa umetangatanga kama njia ya mchwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Nani, Fundi?"

"Huyu anayejifanya mguu wangu. Anachechemea vizuri mno. Mimi nachechemea vibaya." Akageuka kwenye kiti. "Mwanangu, kukaa kwangu hapa ni wiki ya tatu. Mnanivua, mnanivika, mnanong'ona. Mimi ni fundi. Najua mtu aliyeharibu kitambaa anavyotembea."

Injinia alikuwa kwenye meza ya pili. Aliniangalia, kisha akainamia kazi yake, na sikujua kama ananikataza au ananiachia.

Nikaenda kwenye droo ya chini. Nikatandaza karatasi ya Lugano kwenye meza ndefu, nikazuia pembe kwa koleo na vikombe, nikamwomba Fundi asogee. Nikamweleza. Nilidhani ingechukua muda. Alifuata jozi ya kumi na saba kwa ukucha mpaka kwenye ile sehemu iliyopindapinda karibu na konekta.

"Haya ni marinda," alisema.

"Sisi tunaita—" Nikaacha. "Ndiyo. Ni marinda."

"Marinda hula kitambaa. Huyu wa juu amekula kingi kuliko mwenzake. Na yupi alikuwa mrefu kabla ya marinda?"

"Huyo huyo wa juu. Urefu wake umo ndani ya konekta, hauonekani hapa. Kaka yangu alidhani ni wa chini."

"Kwa hiyo aliyekuwa mrefu ndiye akaongezewa."

"Ndiyo."

Aliondoa ukucha kwenye karatasi.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nakaa kitandani asubuhi nikidhani nazeeka. Mke wangu ananiletea uji kitandani kama mzazi. Nimemwachia mwenzangu zabuni ya sare za shule kwa sababu ya asubuhi. Na wewe nilikuambia, siku ya kwanza. Uliandika nini?"

"Uzee."

"Uzee!" Akapiga meza, kikombe kikaruka. "Na hao wengine wanajua?"

"Hapana."

"Wamekaa wanausubiri mguu uamke."

"Ndiyo, Fundi. Mmoja ameanguka, amevunjika."

"Sikiliza. Mimi nikikosea suruali ya mtu, namwita. Namwambia, nimekata vibaya, chagua: nikushonee nyingine au nikupunguzie hii. Simwambii kwamba mwili wake ndio umebadilika."

Nilisema, "Nilikuwa namlinda Lugano."

"Lugano amekufa," alisema, si kwa ukali. "Hawezi kuanguka tena. Sisi ndio tunaoanguka."

Nilikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kuanua tanga nililia mbele ya watu, na Fundi hakuninyamazisha. Alingoja mpaka nikamaliza, kisha akanipa kipande cha kitambaa alichokuwa ameharibu.

"Sasa niulize," alisema. "Kama mimi ninavyowauliza wateja wangu."

Nikamuuliza. Kivuko cha Tano, bodi safi, miezi minane au zaidi ya kujifunza, na huenda asijifunze. Au bodi ya Nne iliyotengenezwa upya, na kosa lake ndani.

"Baridi je?"

"Naweza kuzungusha njia nyembamba ya shaba ya kuipasha joto, bodi isishuke chini ya nyuzi ishirini na nne. Jicho halitafumba. Lakini betri utachaji mara mbili kwa siku."

"Nitachaji wakati wa chai. Nitengenezee ile ile. Mguu mwingine siwezi kuoa tena saa hizi, nina sare za kwaya." Akanyoosha kidole. "Lakini iandikwe. Ilivyo, iandikwe hivyo."

*

Barua niliiandika usiku huo nyumbani, asubuhi nikaiweka mbele ya Injinia. Ilikuwa kwa wakaguzi na kwa watu thelathini na watano, ya mama wa Makete ikiwa ya kwanza. Nilieleza kosa ni lipi, baridi hufanya nini, na kwamba kila mmoja ana haki ya kuchagua baada ya kupimwa, asifunguliwe kwa lazima. Nilieleza pia kwamba jozi kumi na sita hazikutembezwa na watu wawili, ingawa zina sahihi mbili.

"Ukiituma hii," Injinia alisema, "watakuuliza wewe kwanza. Sahihi ya uongo kwenye kifaa cha mwilini, wanaweza kukutoa kwenye kazi hii moja kwa moja."

"Najua."

Aliisoma tena. Alikata maneno mawili niliyomsifia Lugano bila sababu. Kisha akatia sahihi yake chini ya yangu, na kuandika cheo chake kwa herufi kubwa, ili wakija waanze na yeye.

Wakaguzi walijibu kwamba watafika tarehe ishirini. Majibu ya wagonjwa yalianza kuja kabla yao. Mmoja alitutukana vizuri, kurasa mbili. Mzazi mmoja aliuliza kama mtoto wake mwenye Kivuko atapungukiwa nguvu za mguu. Mama wa Makete hakuandika kitu, alimtuma mwanawe aje aione ile karatasi kwa macho yake. Nilimwonyesha. Aliipiga picha, akaondoka bila kunywa chai.

Mimi nilikuwa na bodi moja ya kumaliza. Niliichora upya kutoka kwenye faili la Lugano, marinda yake sikuyagusa, nikazungushia njia ya joto. Nikaichapa mara ishirini. Kwa penseli niliendeleza kila njia kwa urefu wake wa ndani ya konekta, jino kwa jino, uonekane.

"Nani atatembea nawe?" Injinia aliuliza.

"Mimi," Fundi alisema kutoka kwenye cherehani.

"Fundi, hii si—"

"Sheria inasemaje?"

Injinia alifikiri. "Inasema watu wawili wanaojua kusoma namba."

"Nimesoma futi kamba miaka arobaini."

Tulisimama mezani, yeye kushoto, mimi kulia. Nilivaa mkononi bangili ya Lugano, yenye waya wa ardhi unaozuia umeme wa mwili usiunguze bodi, ingawa kwa karatasi haihitajiki. Ni mazoea. Tulianza jozi ya kwanza. "Kona," nilisema. "Kona," alisema, na tukasoma urefu. Kidole chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyezoea kutuliza kitambaa, lakini hakikuteleza. Ilituchukua asubuhi nzima kufika ya kumi na sita. Injinia alileta chai na viazi vya kuchemsha, akakaa kutusikiliza.

Kumi na saba. Yeye alishika njia ya juu, mimi ya chini. Tuliondoka pamoja, tukapita tundu la skrubu upande mmoja, tukaingia kona ya mwisho. Aliingia kwenye marinda, akayapanda na kuyashuka yote, taratibu, midomo ikihesabu. Mimi nilikuwa nimekwisha fika. Kwenye karatasi ile, milimita mbili na nukta sita ni sentimita tano na kidogo, upana wa vidole vitatu. Niliacha kidole changu pale mwisho, nikamsubiri. Sikumwita, sikumharakisha. Alifika.

"Tofauti?" Injinia aliuliza.

"Mbili nukta sita," Fundi alisema.

"Imekusudiwa?"

"Imekusudiwa," nilisema, na nikaandika hivyo, kisha tukatia sahihi, mimi kwanza, yeye baadaye, kwa mwandiko wa chaki ya kitambaa, mpana.

Tulimaliza thelathini na mbili saa tisa. Alirudi kwenye cherehani, bodi yake ya zamani ikiwa bado chini ya mbavu, akaendelea na suruali ya yule dereva, na lile pengo baada ya kila pigo la pili likajaa karakana.

Nikachukua karatasi ya zamani. Kuanzia jozi ya kumi na saba mpaka ya thelathini na mbili nikaikata sahihi yangu kwa mstari mmoja mmoja, isifutike, isomeke chini ya mstari. Mara kumi na sita. Sahihi ya Lugano ikabaki peke yake, kama alivyokuwa peke yake mchana ule, mkono mmoja ukihisi na mwingine hauhisi. Kisha nikaiacha mezani, wazi, kwa ajili ya tarehe ishirini.